Kikombe Changu cha Plastiki

Minjila, Jumanne

Na bado nina hasira, hata sijui nimkasirikie nani.

Leo tulipomaliza kupalilia mahindi, wifi yangu Kadzo alitupatia chai kwenye vikombe vya bati. Hata mimi! Tangu nipone ukoma, miaka yote hiyo, kwake nanywea kikombe cha plastiki, peke yangu. Nikafurahi kama mtoto. Wenzangu waliweka vyao chini vipoe. Mimi nikakikumbatia changu kwa viganja vyote viwili, na hii mikono yangu iliyokunjika vidole haijui moto tena.

"Wifi, unaungua!" Kadzo akanipokonya. Viganja vimetoka malengelenge, na hata hayaumi.

Akanipaka asali huku machozi yakimtoka. "Si ndiyo maana huwa nakupa cha plastiki?"

Nikaondoka kwenda kwangu. Njia nzima nilijiona mtu mbaya. Kumbe alikuwa akinihurumia, nami nimemwekea kinyongo. Nilikaribia kurudi nimwombe msamaha.

Lakini kama ni moto tu, Kadzo, mbona kikombe changu ukishakiosha unakitundika nje, kwenye ua wa miba, mbali na vingine?