Miti ya Nyanya Kwenye Postikadi

Lodwar,
Jumapili, 16 Juni 2013

Mama mpendwa,

Ejok, hamjambo huko? Mguu wa nyanya umepona ule mwiba? Mimi ni mzima, ila nina hasira tangu Alhamisi, na leo nitakueleza yote, hata yale ambayo huenda usiyapende. Baba akusomee polepole.

Alhamisi alikuja mgeni kutoka Nairobi kutufundisha mazingira. Alileta postikadi za zamani, zile picha ambazo Wazungu waliwatumia jamaa zao. Moja ni ya ziwa karibu na Kalokol: maji yamejaa pale ambapo siku hizi pikipiki hupita mchangani. Nyingine ni ya kwetu Kakuma, ukingo wa mto Tarach. Mama, miti ya ewoi, migunga yetu, imesimama minene, vivuli vimegusana, wala huoni mti wa miiba wa mathenge hata mmoja. Chini yake pameandikwa: "Pori lisilo na mwenyewe."

Mgeni akasema, "Mnaona? Mbuzi wenu wamekula msitu mzima."

Darasa likacheka. Msichana mmoja akamgeukia Achol, rafiki yangu wa kutoka kambini. "Si mbuzi peke yao. Nyinyi wakimbizi mliupika!"

Achol hanyamazi. "Tulipewa unga, hatukupewa kuni. Ulitaka tuurambe?"

Nikainua mkono. Nilisema kwa adabu kama ulivyonilea. Nilimwomba mgeni aitazame picha tena. Shina moja limezungushiwa ua wa miiba, na kando yake kuna uchaga ulioanikwa matunda ya ewoi ya kulisha mbuzi wakati wa kiangazi. "Pori halijijengei uchaga," nikamwambia. "Hiyo ni ekwar. Kila familia ina miti yake kando ya mto, na hukati tawi bila kumwomba mwenyewe."

Akatabasamu tu. "Hadithi nzuri, binti."

Hadithi! Na mathenge uliomchoma nyanya, nao ni hadithi? Watu wa miradi ndio walioleta miche yake kwa magari, tukaambiwa tushukuru. Hilo hakulitaja hata kidogo. Ni rahisi kumlaumu mbuzi, maana hajibu.

Mwalimu wetu wa jiografia atabandika postikadi hiyo ukutani siku ya wazazi. Aliniita pembeni akasema, "Niletee jina la mwenye miti, na ilivyokwisha. Nitayafuta maneno hayo ya pori niandike yako. Usipoleta, yatabaki." Nafikiri atafanya hivyo kweli.

Mama, kilima kinachoonekana nyuma ya miti ni kile tunachokiona mlangoni petu. Pale ndipo nyanya hutuonyesha kwa fimbo yake miti yake ilipokuwa, kisha hukatiza maneno, si kwa kuchoka, bali kama mtu aliyekatazwa kusema. Jina la nyanya nitaliandika kwa herufi kubwa. Ila nakumbuka pia magunia ya makaa yaliyokuwa nyuma ya nyumba yetu nilipokuwa mdogo. Sitaki kumjibu yule mgeni kwa uongo.

Msalimie baba, na baba mdogo aliye malishoni na ngamia, na shangazi anayeuza samaki wa Kalokol. Mwambie nyanya nampenda.

Dereva wa lori linalombebea shangazi samaki anarudi huku Ijumaa, mpe jibu. Miti ya nyanya ilikatwa na nani, na je, yeye aliombwa ruhusa?

Binti yako,
Nakiru