Bima Nisiyoiomba

Riverdale Park, Maryland
9 Februari 2025

Dada yangu mpenzi Fathiya,

Assalaamu alaykum. Natumai wewe, shemeji na wote hapo Kikwajuni hamjambo, na presha yako imetulia. Sisi huku wazima, baridi tu inatutafuna. Mwanao Zuhair hajambo. Amekonda kidogo, lakini jana nilimpikia ndizi za nazi akamaliza sahani mbili.

Nakuandikia kwa barua pepe badala ya kupiga simu kwa sababu kuta za fleti hii ni nyembamba na sitaki asikie.

Unaikumbuka ile kadi ya mkopo niliyochukua zamani nilipokuwa Woodbridge, ninunue kitanda na makochi? Kuna mtu wa benki alinipigia akasema kadi ile inakwenda na bima: ukiumwa ukashindwa kufanya kazi, bima itakulipia mpaka upone. Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha kuombea maji. Nikasema, "Yes, yes." Kumbe nishakubali! Wakanikata kila mwezi, miaka na miaka. Nilipopasuliwa mgongo nikawapigia wanisaidie. Wakanijibu kwamba mtu wa vibarua kama mimi hakustahiki bima ile tangu siku ya kwanza. Nililia sana. Nikalipa mwenyewe, nasafisha vyumba vya hoteli na mkanda kiunoni.

Sasa nimesikia benki imetakiwa iwarudishie watu waliouziwa hivyo. Kuna kijana wa bara, Leonard, nilikutana naye kwenye harusi ya watu wetu. Kazi yake ni kuwafuatilia watu madai kama haya. Ana adabu, kila neno "mama". Alikuja nyumbani, akanywa chai, akachukua nakala za pasi yangu na karatasi zangu za ukaazi. Zuhair akaingia kutoka kazini. Leonard akamuuliza anasoma wapi. Sijui nilipatwa na nini, dada. Zuhair alipokwenda kuoga, nikamweleza yule mgeni kila kitu kama ninavyokueleza wewe: ada zilitushinda, chuo kikamtoa, viza ikafa.

Tangu aondoke moyo wangu umekataa kutulia. Niambie kuwa ni wasiwasi wangu tu.

Mdogo wako,
Mize


Kikwajuni, Unguja
12 Februari 2025

Mdogo wangu Mize,

Wa alaykum salaam. Sisi tunamshukuru Mungu, joto tu. Barua yako nimeisoma chumbani na mlango nimeufunga, maana shemeji yako akijua hatolala.

Pesa za bima ni haki yako, zidai. Walikuona huna lugha wakakufanya mjinga. Lakini huyo Leonard ni mtoto wa nani? Nani anamjua kwao? Mtu unakutana naye harusini unampa pasi yako na habari za mwanangu kwa kikombe kimoja cha chai!

Basi, lililotoka limetoka. Pengine ni mtu mwema. Ila usimwambie tena neno, na huyo akija, Zuhair asionekane. Mvalishe soksi nzito. Mwambie mamaake anamuombea kila sala.

Dadako,
Fathiya


Riverdale Park
6 Machi 2025

Dada Fathiya,

Ramadhani karim. Nakuomba radhi kwa kukaa kimya, na nakuomba ukae chini kabla hujaendelea kusoma.

Leonard si mtu mwema. Alitaka pesa za kufungulia madai, nikampa. Akataka nyingine za wakili, nikampa. Juzi akataka tena. Nikamwambia, "Mwanangu, basi. Nirudishie nakala zangu, nimeacha."

Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha. Akaniuliza taratibu, "Mama, yule kijana wako bado anakaa hapo? Kazini anatoka saa ngapi?" Akasema, "Siku hizi ni kuwapigia simu uhamiaji tu, mama. Hata jina lako hawakuulizi."

Sufuria ya uji ilinitoka mkononi. Zuhair akaja mbio, akanikuta nimesimama juu ya uji. Ikabidi nimwambie. Hakunikaripia. Angenikaripia ningeona nafuu. Alikwenda dirishani akashusha pazia, na halijafunguliwa mpaka leo.

Sasa tunafuturu na taa tumezima, tumewasha ile ya jikoni tu. Mlango ukigongwa tunatazamana. Jana alikuwa mtu wa pizza, amekosea nyumba. Zuhair alikuwa keshaingia kabatini, Dada, kijana mrefu vile, amejikunja kati ya makoti yangu. Nilipomfungulia alicheka, lakini meno yalikuwa yanagongana.

Leonard amenipa mpaka Idi. Nifanye nini?

Mize wako


Kikwajuni
7 Machi 2025

Mize,

Mpe! Mpe anachotaka, kopa, uza dhahabu yako, mpe. Na hiyo bima waachie wenyewe benki. Mimi sikukuletea mtoto ili aingie makabatini.

Nilikukabidhi mwanangu uwanja wa ndege, mkono kwa mkono. Nilikwambia huyu ndiye macho yangu. Likimpata jambo, sijui mimi na wewe tutaitana nani.

Usiniandikie mpaka uniambie umeshamlipa.

Fathiya


Riverdale Park
22 Aprili 2025

Dada yangu,

Assalaamu alaykum. Najua umenikataza. Simu zangu hupokei, na siku ya Idi nilipiga mpaka betri ikaisha. Lakini mwana ni wako, lazima ujue.

Sikumlipa Leonard. Nilikwenda mpaka kwa sonara na bangili zangu kwenye mkoba. Wamaitha, yule Mkenya ninayefanya naye kazi hotelini, akanikuta pale, akanibana mpaka nikasema. "Mize, usitoe hata senti," akaniambia. "Huyo ukimlisha leo, kesho atakuja na njaa ingine." Akanipeleka kwa wakili anayesaidia watu bure, mwanamke anaitwa Bridget.

Nikajua mawili. La kwanza, madai ya bima hayakuhitaji mtu wa kati. Bridget aliiandikia benki, wakajibu kwamba hundi yangu ilikwenda Woodbridge kwenye anwani ya zamani ikarudi kwao. Watanitumia nyingine. La pili, kumtisha mtu kwa karatasi zake ili akupe pesa ni jinai. Akasema niende mahakamani Upper Marlboro, hakimu amkataze Leonard asitukaribie. Nikamuuliza, "Zuhair atakuwa salama?" Hakunidanganya. Alisema, "Hilo siwezi kukuahidi."

Siku tatu sikulala. Ningemlipa, angerudi. Nisipomlipa, pengine angepiga. Nikaona heri nimwendee mwenyewe mahakamani kuliko kumngoja.

Nilimwacha Zuhair nyumbani, nikamfungia kwa funguo. Nafika mahakamani na Wamaitha, namwona amekaa kwenye benchi, kavaa kanzu ya Idi. Alitokea dirishani! Nikamwambia kwa kunong'ona, "Rudi nyumbani, nakusihi." Akasema, "Mama Mdogo, alitisha kwa jina langu. Acha niseme mwenyewe."

Na akasema, Dada. Leonard yupo pale na suti yake, na mwanao kasimama, akaeleza kila kitu. Walikuwepo wanawake wengine wawili waliofanyiwa vilevile, ambao hata hatuwajui, Bridget ndiye aliyewapata. Hakimu akatupa amri: Leonard asitupigie, asifike kwetu, na nakala zangu azirudishe.

Tulipotoka, kulikuwa na wanaume wawili wamesimama karibu na gari la Wamaitha. Zuhair akanishika mkono. Tukaenda hivyohivyo, hatua kwa hatua, mimi nasoma Ayatul Kursiyy. Walikuwa wanabadilisha tairi.

Nisamehe au usinisamehe, lakini nijibu.

Mdogo wako,
Mize


Riverdale Park
30 Mei 2025

Dada Fathiya,

Assalaamu alaykum. Bado hujanijibu, na sikulaumu.

Leonard hajapiga tena. Hundi ya benki imefika, na barua fupi isiyosema hata samahani. Ungedhani tungepumua. Lakini Zuhair halali. Gari likisimama nje anajua ni la rangi gani bila kuchungulia. Kazi ameacha. Juzi alinikalisha akasema anataka kurudi nyumbani. Bridget alimweleza wazi kwamba akitoka, mlango huu utafungwa nyuma yake kwa miaka mingi. Akajibu, "Kwani sasa uko wazi?"

Sikumfukuza, Dada. Nilimsihi abaki mpaka akanifuta machozi yeye. Tiketi nimenunua kwa pesa za ile bima. Anafika Jumamosi ijayo mchana. Nenda uwanjani mapema, asitoke akakosa mtu.

Usimgongee mlango kwa ghafla. Muite jina kwanza.

Mize


Kikwajuni
12 Juni 2025

Mize, mdogo wangu,

Wa alaykum salaam. Mwana kafika. Nilimpita pale uwanjani nikimtafuta mtoto niliyempeleka, mpaka akaniita. Amepita kimo cha babaake.

Barua zako zote nilikuwa nazisoma, kila moja mara nyingi. Sikujibu kwa hasira, halafu kwa aibu. Mimi nilikwambia umlipe yule mtu. Zuhair amenihadithia ya mahakamani mwenyewe, na alipofika pale mliposhikana mikono mkaenda kwenye gari, akainuka akatoka uani.

Anakula. Analala na taa imewashwa, nami siizimi. Jana jirani aligonga geti anataka kuazima mbuzi ya nazi, Zuhair akainuka katikati ya chakula, akasimama ukutani. Nikamwambia, "Baba, huku ni kwenu, hakuna wa kukuchukua." Akasema, "Najua, Mama." Lakini hakukaa mpaka jirani alipoondoka.

Usiku huo ndipo nikakufikiria wewe, katika fleti ile, na pazia lile. Mlango ukigongwa sasa, unatazamana na nani?

Nipigie, nitapokea. Saa yoyote.

Dadako,
Fathiya