Pikipiki Iliyofunikwa Kinu

Mkunazini, Unguja
Machi 1969

Bi Wanu, mshauri wetu wa gazetini, shikamoo. Nakuandikia nikiwa chumbani, na sina mwingine wa kumwambia kwa sababu wote ninaowaamini ndio hao hao walionishtua, basi nakuomba unisome mpaka mwisho, usinitupe njiani.

Mimi ni mwari, nimewekwa ndani nasubiri harusi, nasingwa kwa liwa mwili mzima asubuhi na jioni, na mchumba wangu ni Machano, fundi wa stovu na baiskeli pale Darajani, mtu mpole, hana neno na mtu. Kazi yake ni hiyo lakini mapenzi yake ni pikipiki ndogo za chuma, mfano wa zile za kizamani, za kabla ya vita, zenye tangi refu na taa kubwa mbele, wala hazibuni kichwani mwake, ami yake baharia alikuwa akimletea maboksi ya vipande kutoka Ulaya, kila kipande peke yake, injini, ringi, cheni, bomba la moshi, naye akikaa akivipiga tupa na kuvitia lehemu kimoja kimoja mpaka pikipiki nzima inasimama juu ya kiganja, na cheni inazunguka kweli, Bi Wanu, nimeiona kwa macho yangu.

Nimeionaje? Hapo ndipo penye balaa langu. Kabla hajaleta posa nilikuwa nikitumwa kupeleka stovu kwake, na mara nyingine stovu ilikuwa nzima, mimi mwenyewe nikiiziba tundu kwa majivu ili nipate safari, mama akilalamika kuwa stovu za siku hizi hazidumu. Tukizungumza mlangoni pa duka kwa adabu zote, watu wanapita. Siku moja akanionyesha boksi la mwisho, maana ami yake keshaacha ubaharia na vitu vyenyewe siku hizi haviingii, akaniambia, "Pikipiki hii siiungi peke yangu. Ntaiweka, tutaiunga sote ndani ya fungate, mie nshike lehemu, wewe ushike koleo." Kwa maneno hayo, Bi Wanu, nilikubali kuolewa kabla baba hajaulizwa.

Sasa sikiliza. Juzi limeletwa sanduku la bibi harusi. Wifi yangu Tamima, dada yake Machano, kalibeba kichwani, vigelegele tangu nje ya mlango, ukumbi umejaa wanawake, nami nipo chumbani nachungulia pembeni mwa pazia. Shangazi yangu Bi Jokha anatoa kimoja kimoja anakiinua juu, kanga, na unajua kanga zilivyo adimu siku hizi, watu wakashangilia, viatu, udi, uturi, kisha akatoa kifurushi kizito kimeviringwa katika taulo, akasema, "Dhahabu hii!" Vigelegele vikazidi, akafungua, na shingo zote zikanyooka kutazama.

Kwanza lilitoka fungu la vijiti vya chuma vyembamba kama sindano, vimefungwa uzi mwekundu, ndizo spoki za magurudumu hizo. Ikafuata karatasi ya michoro, miraba na mishale na tarakimu kila pembe, ile inayoonyesha kipande gani kinaingia wapi, na somo wangu Bi Sichana, anayenifunda, akaishika kwa ncha za vidole akasema, "La haula! Talasimu!" Kisha akatoka mtu. Mtu wa chuma, urefu wa kidole, miguu kaitanua, usoni hana macho ila duara mbili za miwani, na mikono hana, mikono yake imo katika karatasi nyingine kwa kuwa hutiwa mwisho, akishawekwa juu ya pikipiki na kushikishwa usukani. Shangazi akapiga ukelele ambao mpaka leo unanilia masikioni. "Wamemkata mikono mwanetu! Wamemfunga! Asende, asirudi, asizae!"

Wifi yangu analia, anaapa hajui kilichomo, wanawake wanasoma Ayatul Kursiy, wengine wanatafuta viatu vyao wakimbie. Bi Sichana akavikusanya vyuma vyote akavitia ndani ya kopo la biskuti, akamwagia chumvi na mvuje wa kufukuza mashetani, akalipeleka uani akalifunika kinu, na hapo lipo linamsubiri mganga aliyekwenda Pemba, akirudi avisomee kisha vitupwe baharini, na baba kasema siku hiyo hiyo sanduku litarudi kwao na posa imevunjika.

Asubuhi yake Machano akaitwa mbele ya wazee, nami pembeni mwa pazia lile lile nikaona na kusikia kila neno. Baba akamuuliza, "Vyuma hivi vyako?" Akajibu, "Naam, vyangu." "Umevitia sandukuni kwa nini?" Akasema, "Nimetaka mwenyewe. Ni pikipiki ya kuunga tu, si kitu kibaya." Ami yangu akacheka kwa hasira, "Mtu mzima unachezea pikipiki? Na kama mchezo, nani kakuomba uulete kwenye sanduku la harusi?" Machano akatazama chini.

Na jawabu alikuwa nalo, Bi Wanu, jawabu ni mimi. Mimi ndiye niliyemwambia avitie sandukuni. Nilimwambia ukija navyo mkononi siku ya harusi watakucheka, vitie katikati ya mataulo, sanduku likishaingia kwetu ni langu, hapana atakayeuliza, nikasahau kuwa shangazi yangu hufunua mpaka bitana. Angesema neno moja tu angeokoka, lakini neno hilo lingewajulisha wote kuwa mwari wao alikuwa akizungumza na mwanamume kabla ya posa, na hapa kwetu ukishasemwa hivyo husemwi peke yako, husemwa pamoja na mama aliyekulea. Basi kanisitiri mimi, yeye kawa mchawi. Nasikia wanawake wanapita upande wa pili wa njia wasikanyage mlangoni pake, na stovu zao wanampelekea fundi mwingine.

Nami nimenyamaza, nasingwa, naletewa wali chumbani. Nikisema, najiaibisha mimi na mama yangu. Nisiposema, namwangamiza mtu. Nifanye nini?

Mimi, mwari niliyepotewa.

JAWABU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeipa nafasi ya kwanza, majina nimeyageuza, zilizoitangulia zisubiri. Nimeisoma nikashtuka, nikairudia nikashtuka zaidi, wala si kwa ajili ya hicho kimtu cha chuma.

Kwanza niwamalize wakubwa zako. Ukumbi mzima wa wanawake wenye akili zao, na hapana hata mmoja aliyesema, hebu mwenyewe aulizwe kabla hatujamwaga mvuje! Na mvuje wenyewe siku hizi kuupata taabu. Mchawi gani huyo anayeutuma uchawi wake mchana kweupe, kichwani mwa dada yake, kwa vigelegele? Shangazi yako alipodhani ni dhahabu hakuogopa uzito wake.

Naye Machano simwachi. Unamtia mtu asiye na mikono katika sanduku la harusi, pamoja na fungu la uzi mwekundu, na hufikiri? Mafundi ndivyo mlivyo. Kwa kuwa nyinyi mnajua kipande kinaingia wapi, mnadhani kila mtu anajua.

Sasa wewe. Umeweka mambo mawili mizanini mbele yangu, aibu yako na maangamizi yake, kama kwamba yanalingana uzito. Hayalingani hata kidogo. Aibu yako ni ya kuzungumza mlangoni pa duka, stovu mkononi, watu wanapita. Itasemwa msimu mmoja, kisha patatokea harusi nyingine na wasemaji watahamia huko. Jina la mchawi halina msimu, atazeeka nalo, na wanawe watalikuta. Mficha uchi hazai, mwanangu, nawe umejificha vya kutosha. Wala usijifiche nyuma ya mama yako. Sijapata kumwona mama wa Kiunguja asiyeyajua majivu ya jikoni kwake, na nina shaka kuwa zile safari zako alizijua akakuachia.

Fanya hivi, na ufanye leo, gazeti likiwa bado mkononi, kabla mganga hajashuka bandarini. Anza na mama, faraghani, asije akalisikia mbele za watu. Kisha mwite somo wako. Somo ndiye aliyekabidhiwa siri za mwari, basi mpe siri yake aibebe. Atang'aka, mwache ang'ake, akichoka mwambie akuitie wanawake wale wale. Si jamaa wawili watatu wa ndani, nasema wale wale. Kijana wa watu ametuhumiwa ukumbini, na huko huko ndiko atakakosafishwa. Baba yako, mama atamkalisha nyuma ya mlango asikie kila kitu.

Kopo liletwe. Vioshe vyuma vizuri kwa maji baridi, maana chumvi italiwa na chuma, au chuma kitaliwa na chumvi, vyovyote ni hasara. Usiiunge pikipiki, hiyo ina siku zake na ina mwenziwo wa kuiunga naye. Tandaza ile karatasi ya michoro, uwaonyeshe kila kipande na mahali pake, kama ulivyoonyeshwa wewe. Zipange spoki juu ya ringi wazione kuwa ni gurudumu. Mwisho chukua ile mikono miwili, umwekee yule mtu wa chuma mabegani, umwegemeze kwenye usukani, na umpe Bi Jokha amshike. Hatamng'ata.

Hapo ataibuka mmoja aulize, "Na wewe umeyajulia wapi haya?" Usitazame chini, na usimsingizie wifi yako, ameshalia vya kutosha. Sema kuwa mwenye kumwambia avitie sandukuni ni wewe. Liseme kwa sauti lifike nyuma ya mlango. Baba akikataa kukuozesha baada ya hapo niandikie, tutahangaika naye mimi na wewe.

Mtu mmoja alikuwa na neno la kujiokoa, na alilimeza mbele ya baba yako ili wewe ulale salama. Yuko Darajani hivi sasa, duka tupu, na anaamini kuwa umemtupa. Inuka.