Shiori wa ndegeni yuko dukani

Fumie, hutaamini. Nimemkuta mjukuu wangu Shiori akihudumia wateja pale supamaketi!

Shiori wa ndegeni! Shirika lao lina hasara, ndege hazina abiria, wahudumu wake wameazimwa kufanya kazi madukani. Na kila asubuhi huniaga akiwa na sanduku la safari, kana kwamba anapanda ndege!

Mzee mmoja alipochukua mfuko wake, Shiori akainama: "Asante kwa kusafiri nasi." Akasema hivyo, Fumie! Watu wakageuka. Uso ukamwiva.

Yule mzee naye akainama. "Mmetutua salama, binti." Utu ulioje!

Zamu yangu ilipofika akaninong'oneza, "Bibi, Ijumaa wanatangaza watakaopunguzwa kazi. Usimwambie mama."

Mama yake alikuwa nyuma yangu kwenye foleni, Fumie! Amesikia yote. Akamjibu, "Ijumaa siendi kazini, tutangoja wote. Haya, nipigie hesabu ya mayai."