Bakteria Uliotutumia na Maharagwe ya Mama

Katelembo,
S.L.P. 417,
Machakos.

18 Januari 2004

Mpendwa ndugu yangu Justus,

Hujambo huko Ubelgiji? Tunasikia theluji imewafika magotini, na natumaini kifua hakijakusumbua tena. Sisi huku tu wazima. Mama pia mwili wake ni mzima, ila roho inamuuma. Nitakueleza kwa nini, na leo sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Picha yako ya koti jeupe la maabara ilifika. Mama ameibandika karibu na kalenda ya kanisa, na kila mgeni lazima aonyeshwe kabla ya kupewa chai.

Sasa habari ya maharagwe. Ulipokuja kumzika baba, ulichota udongo kando ya kisima chetu cha maji ya chumvi ukaondoka nao ndani ya kopo. Ulitueleza kwamba mizizi ya maharagwe ina bakteria wanaoilisha, na chumvi ikizidi huwanyonya maji hadi wafe. Lakini wa kwetu, ulisema, hujikusanyia ndani ya miili yao kitu kiitwacho betaini, nacho huyashikilia maji yao bila kuwadhuru. Mama alifurahi kama aliyeambiwa wajukuu wamefaulu mtihani.

Mwezi wa nane ukatuma pakiti ya bakteria haohao, unga mweusi, na karatasi ya maagizo kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza, Justus! Mimi nilikuwa Kangundo nikifundisha, na mama husoma Biblia ya Kikamba tu. Aliona ni kitu cha kupanda, akakitunza kama kwetu tunavyotunza mbegu: juu ya uchaga wa jikoni, penye moto na moshi, kisiliwe na fukusi. Kilikaa huko miezi miwili.

Mvua ya Oktoba ilipochelewa, alichanganya unga wako na mbegu zote, hata za akiba, akapanda na kumwagilia maji ya kisima kwa sababu ulimwahidi hayatadhuru. Maharagwe yaliota, yakawa manjano, yakakauka kabla ya kutoa maua. Bwana Mutua wa kilimo aling'oa mche mmoja akaitazama mizizi. Haikuwa na kinundu hata kimoja, na humo ndimo bakteria hao hukaa. Akamwambia, "Mama, hawa bakteria walikufa kitambo. Hii pakiti ilikuwa inatakiwa ikae mahali baridi."

Nina uchungu na sitauficha. Uliwapima bakteria wako kwa chumvi ya kila kiwango, lakini hukujiuliza wataishije jikoni kwa mama yako. Na jiko hilo unalijua. Ulifanyia humo hesabu za shule huku moshi ukikutoa machozi. Mgeni ningemsamehe, lakini wewe si mgeni.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mama hakulaumu wewe hata kidogo. Anajilaumu mwenyewe, eti amezeeka na mkono wake umeanza kuua mbegu. Zile alizopewa na nyanya siku alipoolewa zimeisha, hata za kujaza kiganja hazikubaki. Mvua ya Machi inakuja, naye jembe amempa jirani. Anasema hapandi tena.

Jana aliniagiza nikuandikie kwamba tulivuna magunia mawili, usije ukavunjika moyo kabla ya mtihani wako wa mwisho. Nilimwitikia kwa heshima, lakini kalamu imekataa.

Shangazi Ndunge anakusalimu sana, na mwanawe Kilonzo pia, anauliza kama huko kuna mtu wa kukupikia isyo, mahindi na maharagwe yetu. Mungu akukinge na baridi hiyo na akupe kufaulu, maana hilo bado naliombea kila Jumapili.

Ila kabla ya mtihani huo, mwandikie mama. Mwandikie wewe mwenyewe, kwa Kikamba, kwa herufi kubwa, macho yake yamefifia. Habari za betaini ziache. Mwambie kosa lilikuwa lako, na kwamba mkono wake haujaua kitu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa na hasira,

Ndanu