Miche ya Mukau Uliozikwa Nao

Mwaitu,

Sikuulizi hali. Barua za mwanao Mutua zote zilianza na salamu ndefu, nawe ulikuwa ukinikatiza palepale: "Ruka hayo, mama, soma penye maneno." Basi naruka. Maneno ni kwamba miche yako inakufa, nimeshamjua anayeiua, na sina mdomo wa kumwambia.

Naandikia kwenye meza ileile niliyokuwa nikikusomea barua za mwanao kutoka Mombasa. Hukujua kusoma, lakini hilo si neno. Nikimaliza nitateremka nayo kaburini nikusomee kwa sauti, na majirani wakisema mke wa Mutua ameshikwa na wazimu, waseme. Hapa nyumbani tumebaki mimi na mzee wako, na mbuzi. Wa kumwambia ni wewe tu.

Hukuona jeneza lako lilivyopatikana. Fundi alikuja na habari ya mbao za kununua sokoni Kathonzweni, mzee akamwambia akae. Akachukua shoka, na magoti yale, akaenda mwenyewe kwenye mti wa mukau wa langoni, ule ulioupanda ulipoletwa hapa ungali msichana. Vijana wa kanisa ndio waliomalizia. Fundi alinung'unika kwamba mbao ni mbichi, mzee akamjibu, "Mchwa hawagusi mukau. Mwenyewe alikuwa anasema." Siku ya maziko pasta alimwita atoe neno. Alisimama, akashika kofia, akasema: "Huu mti nimekata mimi. Mtoto wa huu mti atasimama hapa kabla mimi sijaletwa hapa." Akaketi. Watu waliitikia amina kama vile wimbo umeisha, lakini mimi niliogopa.

Mkebe wa kokwa ulikuwa nyuma ya mlango wako. Ni zile ulizookota zizini, mbuzi wakishakula tunda na kutema. Za mti ule hazikubaki nyingine. Mukau uko kwingine, najua, hata kando ya barabara uko, lakini mzee alisema mtoto wa huu mti, na tangu siku hiyo hali vizuri. Anaonja muthokoi, anasukuma sahani. Amepungua mpaka koti linamcheza mwilini. Mimi naona anangoja mti tu, na asipouona hatangoja sana. Ndiyo maana nilizihesabu kokwa mara mbili kabla ya kuweka ya kwanza juu ya jiwe.

Nilifanya ulivyonionyesha. Mgongo wa panga, kugonga kwa pembeni. Nilikusikia kabisa: "Polepole, unampasua mtu kichwa." Nyingi nilizipondaponda, ni kweli. Mbegu zilizotoka nzima nilizikwaruza ncha kwa wembe, nikazilaza kwenye maji, asubuhi nikazichana ngozi na kuzipanda kwenye mchanga wa mtoni. Zikaota, Mwaitu! Nilipiga kigelegele jikoni peke yangu. Nikazihamishia kwenye pakiti za maziwa zile za pembe tatu ambazo watoto wanazitupa shuleni, nikazitoboa chini, nikazipanga kando ya ghala. Mzee alikuja, akaweka mikono nyuma, akaziangalia mpaka jua likatua. Jioni hiyo alimaliza sahani.

Wiki haikuisha, mche wa kwanza ukalala.

Ulikuwa na majani mazuri, hata haukuwa umenyauka. Umeinama tu. Nilipouinua niliona shingo yake, pale inapotoka kwenye udongo, imekuwa nyeusi na nyembamba kama uzi. Kesho yake mwingine. Nikasema ni mchwa, nikazungushia jivu. Ikalala mingine. Nikasema ni jua, nikajenga kivuli cha nyasi. Haikusaidia. Nikasema ni samadi, labda niliitia ikiwa mbichi, nikabadilisha udongo wote, mche mmoja mmoja, nimeshika pumzi. Nilichakura kwa kijiko nikitafuta viwavi, sikupata hata mmoja. Kuku niliwafungia, wakanilalamikia kutwa. Nilikushuku hata wewe, kwamba umekasirikia mti wako kukatwa. Usicheke. Mtu akikosa usingizi hushuku kila kitu.

Kitu ambacho sikukishuku ni maji. Nani angeshuku maji hapa? Punda akipita na madebe yaliyojaa, watu wanageuza shingo. Tangu nizaliwe sijasikia mtu wa Ukambani akisema mmea wake umekufa kwa kunywa. Lakini asubuhi moja niliubonyeza udongo kwa kidole, ukatoa maji. Nami nilikuwa sijaimwagilia tangu juzi yake. Nikazigeuza pakiti, zilikuwa nzito, zinachuruzika. Mtu alikuwa anainywesha kila siku iendayo kwa Mungu.

Siku hizohizo birika lako la chai lilikuwa halionekani. Nilidhani nimeliazimisha nikasahau kwa nani.

Jana alfajiri niliwahi mtoni, nichote kabla punda wa watu hawajafika. Nikaona mtu amepiga magoti mchangani kwenye kisima chetu. Nikalitambua koti, lile la kanisani. Alikuwa anachota kwa kikombe, anatia ndani ya birika. Mzee wako, Mwaitu. Mzee Nzioka, ambaye sijawahi kumwona akijitekea hata maji ya kunywa, uliyekuwa ukimpelekea ya kunawa mpaka penye kiti. Jerikeni hawezi kubeba, kila mtu angejua. Lakini mzee mwenye birika anaweza kusema alikwenda kunawa uso. Alilifunika kwa koti akapanda njia polepole, akisimama kupumua. Nilijibanza nyuma ya kichaka mpaka akapita, kwa sababu angeniona, mmoja wetu angelazimika kuhama boma hili.

Unaijua nthoni yetu, si ni wewe uliyenifundisha? Baba mkwe haangaliwi machoni, haulizwi alikotoka, hakosolewi. Maneno yangu kwake ni "chai iko tayari." Yake kwangu ni "haya." Yaliyobaki yote yalipitia kwako. Nikisema nimwandikie Mutua, barua ikafike Mombasa na jibu lirudi, miche itakuwa imekwisha. Na Mutua naye atasemaje? Baba, umeonekana ukichota maji kama mwanamke? Nikiificha miche ataitafuta, na akiikosa atadhani imekufa yote. Nikinyamaza, inakufa. Kila njia ninayoipima inaishia penye kaburi, lako au lake.

Leo nimekumbuka dawa yako. Ulipokuwa na neno la kumkera, ulimwambia yule mbuzi wako mwenye sikio moja, kwa sauti ya kufika penye kiti: "Wewe mbuzi, kuna mtu hapa anataka chumvi na chumvi hajaleta." Mzee anakohoa, kesho yake chumvi iko. Miaka yote mlikaa hivyo na hamkugombana hata siku moja. Aliyegombezwa ni mbuzi. Basi nilimfunga huyo sikio moja karibu na ghala, nikasema: "Wewe mbuzi, hii miche ya Mwaitu inazama. Ikinyweshwa kila siku inaoza." Sauti ilitoka ndogo. Mzee hakukohoa. Mbuzi ndiye aliyenitazama. Sijui kama kuna aliyesikia zaidi yake. Naacha hapa, nione kesho.

*

Mwaitu, udongo umelowa tena. Imebaki mitatu.

Nimefanya jambo na sasa naogopa. Birika nimelipata, lilikuwa chini ya gunia nyuma ya ghala. Nimeung'oa mche uliolala leo, na mizizi yake yote, ya kahawia, inateleza, inanuka kama maji ya chungu kilichosahauliwa. Nimeulaza juu ya mfuniko wa birika, nikalirudisha gunia. Yeye ni mtu wa mifugo, kuoza anakujua. Lakini pia atajua kwamba nimejua.

Nilikuwa jikoni nilipousikia mfuniko ukigonga. Halafu mlango wake ukafungwa. Nimempelekea chai mpaka mlangoni, nikasema iko tayari, hakusema haya. Imepoa nikairudisha. Ugali pia umerudi ulivyokwenda. Sasa jua limetua na huko ndani hakuna hata kikohozi. Nimesimama nje ya ukuta mara sijui ngapi nikisikiliza kama anapumua. Siruhusiwi kuingia chumbani mwake, unajua. Kumwita jirani nitamwambia nini? Kwamba nimemvua mzee nguo kwa mche wa mukau?

Kama nimemuua mzee wako kwa aibu, usinipokee huko ulipo.

*

Narudi kwako. Yu hai.

Asubuhi mlango ulifunguka. Nilikuwa nimekaa kizingitini pa jikoni na ungo wa ndengu magotini, nachagua mawe, yaani nilikuwa najifanya kuchagua. Hakwenda kwenye kiti chake. Alikwenda kwa mbuzi. Akaketi chini, mgongo ukielekea jikoni, akakohoa, na nikasikia:

"Wewe mbuzi. Muulize huyo mama, mti unataka maji lini."

Ndengu zilimwagika. Mwaitu, sikujua niseme kwa nani, kwa mbuzi au kwa ukuta. Nikasema, "Mbuzi, mwambie atie kidole kwenye udongo. Kidole kikitoka kikavu mpaka kwenye kiungo, ndiyo mti unywe. Kikitoka na udongo, angoje."

Alijikokota mpaka kwenye miche. Akatia kidole kwenye wa kwanza, akakiangalia. Akatia kwenye wa pili na wa tatu. Mara zote kilitoka na udongo. Akarudi kwa mbuzi, akakipangusa kidole kwenye koti. Halafu akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Mwambie, mama yake Mutua alinichotea maji tangu aletwe hapa. Mimi sikumchotea hata kikombe. Na ile siku aliomba maji. Maji yalikuwa kwa mtungi. Mimi nikakaa kwa kiti, nikangoja msichana arudi kutoka shambani."

Nikakumbuka. Niliporudi kutoka shambani jioni ile nilikukuta macho umeyaelekeza mlangoni, midomo imekauka, naye ameketi nje na kofia magotini. Ulikunywa, nashukuru Mungu, ulikunywa kutoka mkononi mwangu. Kulipokucha hukuwepo. Nilidhani alikuwa hajakusikia ukiita.

Nilimkasirikia, Mwaitu. Nikuambie ukweli. Nilikaa pale kizingitini nikamkasirikia mpaka macho yakajaa, halafu nikamwona vile amekaa chini vumbini na koti lake la kanisani, na mbuzi anatafuna mkono wa koti, naye hamfukuzi. Hasira ikanipungukia. Niliinuka nikampikia uji.

Mche mmoja ulikuwa umeshaharibika, ukalala siku ya pili. Mwingine ulikauka polepole, sijui kwa nini, na safari hii sikutafuta wa kushuku. Umebaki mmoja. Umesimama. Shingo yake ni ya kijani na imeanza kuwa ngumu, na katikati unachomoza majani mapya yaliyokunjana. Kila asubuhi mzee anatia kidole, halafu anakuja kumwonyesha mbuzi kidole, akijua nipo dirishani. Siku nyingi anaambiwa angoje, naye anangoja. Nimeogopa kuufurahia sana, kwa hiyo nakuandikia tu kwamba upo.

Jambo jingine. Juzi alikwenda mtoni mchana kweupe, birika mkononi, koti ameliacha nyumbani. Wanawake wote walikuwa kisimani na punda wao. Mmoja akasogeza jerikeni yake, akampisha. Alichota kwa kikombe mpaka likajaa, akarudi nalo akipumzika njiani. Nilijua mche hautaki maji siku hiyo, na nilishaanza kumtafuta mbuzi. Lakini aliupita. Akaja mpaka mlangoni mwa jikoni, akaliweka chini, akageukia zizini.

"Mbuzi," alisema, "hayo ni ya chai."

Nilikupikia chai wewe miaka mingapi kwa birika lile? Siku hiyo nilimpikia yeye kwa maji yake mwenyewe, akanywa vikombe viwili.

Mvua bado. Mawingu yanajikusanya jioni halafu yanatawanyika, na mimi siyaamini mpaka yaniloweshe. Shimo ameshalichimba hapo miguuni pako, kidogo kidogo, bila kukubali kusaidiwa. Nakuahidi hivi: mvua ikishika ardhi, mimi nitaushika mche wima na yeye ataufukia. Ukisimama, umesimama. Ukianguka sitamficha, nitamwambia mbuzi na yeye asikie. Na mzee wako sitamwacha akae kwenye kiti akimngoja mtu arudi. Nitakuwa nimesharudi.

Sasa nashuka kukusomea haya. Lala, Mwaitu. Leo kidole kimetoka kikavu, na yeye ameshashika birika.

Mimi wako,
Ndinda