Adabu Yangu na Mguu wa Bakari

Palma, Jumapili baada ya sala

Mama yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakuamkia kwa heshima nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, maana kiti pekee cha baraza hii amekikalia mgonjwa ambaye habari zake nitakueleza. Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua aliyokuletea shangazi unaitumia, au umeiweka tu kabatini kama ile ya mwaka jana?

Mimi mzima, ila nimechoka, mama. Ni uchovu ambao nikilala naamka nao. Mikono imepasuka kwa saruji, na masikio yangu bado hayajazoea helikopta zinazopita juu ya mji. Watu waliokimbia vita wanarudi kila wiki, wengine na godoro tu kichwani, na wanakuta nyumba hazina paa. Kazi ni nyingi kuliko sisi.

Katika barua yako umeniuliza jambo moja: je, bado najishusha ugenini kama ulivyoniusia siku ile pale stendi ya Masasi? Nimekaa na swali hilo wiki tatu bila kujibu. Leo najibu, na sijui kama utapenda.

Tulikuwa tunachimba kisima kwenye kitongoji kimoja upande wa Tungue, ambako wanawake wanamaliza asubuhi nzima wakitafuta maji. Mkuu wetu ni Abudu, fundi wa kutoka Mocímboa da Praia, aliyekwisha kuikimbia vita mara mbili na familia yake. Hapa fundi mkuu huitwa mestre. Aliyekuwa akishuka shimoni ni Bakari, mvuvi wa hapahapa, mtu wa mzaha. Aliniita Padri, kwa sababu kila nikisemeshwa nainamisha kichwa.

Unakumbuka marehemu baba alivyopima mchanga alipochimba visima. Anauchota kutoka chini ya shimo, anaufinya kiganjani. Ukishikana, anaendelea. Ukitiririka kati ya vidole, hakuna kushuka tena mpaka pete ya zege iteremshwe kuzuia ukuta. Siku moja pete zetu zilikuwa bado mbichi, zinataka siku kadhaa zikauke. Mestre akasema tuongeze kina kidogo tu bila pete, maana wanawake walishaanza kuja na madumu kuuliza. Bakari alikuwa juu anakunywa maji, na ndoo ya mwisho imepanda. Nikauchota mchanga, nikaufinya. Ulitiririka, mama. Nikajua palepale.

Mestre akaniona, akaniuliza mbele ya wote, "Mgeni, wewe wauonaje mchanga huu?"

Nikainamisha kichwa. "Mimi mdogo tu, mestre. Wewe ndiye ujuaye."

Wazee waliokuwa pale wakanisifu, wakasema kijana huyu kalelewa. Nakiri kwako kwamba sifa ile ilikuwa tamu. Bakari akashuka, na mimi bado nilikuwa naionja sifa yangu ukuta ulipoporomoka.

Mchanga ulimfika kifuani. Tulimfukua kwa mikono na kwa masufuria, kila mtu akiomba kwa dini yake. Alitoka hai, paja limevunjika. Hospitalini walimfunga mguu wakasema atatembea, lakini baharini huenda asirudi.

Toka siku hiyo nikazidi kujishusha, nikidhani ndiyo toba. Kanisani kwetu, ambako paa ni turubai, niliacha kusoma masomo, nikawa nakaa nje kwenye vumbi. Mestre aliponiita kazini nilimjibu kwamba sifai hata kubeba ndoo. Anayetuongoza sala, kwa kuwa padri huja mara chache, ni mama Veronika, mjane wa Kimakonde aliyekimbia kutoka bara. Siku moja akaniita, akaendelea kupepeta mchele wake huku mimi nalia. Nilimweleza kila kitu: kwamba mimi ni mavumbi, mimi sistahili, mimi si kitu mbele za Mungu. Nilisema sana.

Akaweka ungo chini. "Damiani, tangu umekaa ni mimi, mimi, mimi. Huyo aliyevunjika mguu hujaniambia hata anaitwa nani."

Nikamtajia jina. Akaniambia tena, bila ukali, "Mungu kakupa mikono inayoujua mchanga. Ukisema haijui, unamsingizia aliyekupa. Siku ile hukujishusha, mwanangu. Ulijificha."

Nilikasirika, mama, sikufichi. Nilitoka pale bila kuaga. Lakini njiani nikamkumbuka baba. Kanisani alikuwa akikaa benchi la nyuma, na ukimsifu anabadilisha mazungumzo. Kisimani alikuwa mtu mwingine. Alimfokea hata mwenyekiti wa kijiji aondoke ukingoni, na mwenyekiti akaondoka. Nilidhani baba ana tabia mbili. Sasa naona ilikuwa moja.

Kesho yake nikaja hapa kwa Bakari, nikamwambia kwamba nilijua.

"Adabu yako hiyo, ndugu yangu, ndiyo iliyonilaza hapa," akasema. Halafu akageukia ukutani. "Mwanahawa mke wangu bado achota maji kulekule mbali. Kimalizeni kisima."

Nikaenda kwa mestre, nikamweleza na yeye. Nilitegemea anifukuze. Aliketi juu ya mfuko wa saruji, akajifuta uso kwa kofia yake. Akasema yeye ni fundi wa nyumba, visima hajapata kuchimba, na aliona haya kusema mbele ya watu. "Nilikuuliza kwa sababu nilikuwa sijui," akasema. Maneno hayo yaliniuma kuliko ya Bakari. Mtu aliniomba msaada, nami nikampa heshima.

Basi tukaanza upya. Nilishuka mimi. Tulingoja pete zikauke, na mara mbili nilisimamisha kazi watu wakinung'unika kwamba mgeni kaota mapembe. Sikupenda kusemwa hivyo, lakini sikuinamisha kichwa. Siku ya kumwaga mfuniko wa zege, mestre akaniambia ubao niliopanga umelala upande. Nikautazama, kweli umelala. Zamani ningejilaumu mpaka jioni. Safari hii niliubomoa nikaupanga tena, tukaendelea.

Maji yamepatikana. Siku ya kwanza Mwanahawa alimletea mumewe kikombe, Bakari akanywa, akasema yana chumvi kidogo. Hajaniambia kwamba amenisamehe, na mimi simuulizi. Kila Jumapili namtekea mkewe madumu manne, kisha nakaa naye hapa barazani. Ameacha kuniita Padri, ananiita kwa jina langu. Sasa hivi ameniuliza naandika nini, nikamwambia namwandikia mama. Akasema nisisahau kukueleza ile chumvi.

Barua hii anakuja nayo mfanyabiashara wa samaki wakavu anayevuka Ruvuma; mpe chai. Nisalimie shangazi Tekla na dawa zake. Mwambie mdogo wangu Getruda asome, asione haya kunyoosha mkono darasani akijua jibu. Msalimie na kaka Fulgensi anayelima shamba langu, najua halalamiki, ndiyo maana namwonea huruma. Kwa baba, ukipita kaburini, mwambie mchanga wa huku unatiririka upesi kuliko wa kwetu.

Jambo la mwisho, mama. Barua zangu zote nimekuwa nikizimalizia kwa kujiita mwanao asiye kitu. Niliona ni unyenyekevu, wala sikufikiri wewe uliyenizaa unasoma nini. Nisamehe. Hukuzaa asiye kitu.

Mwanao,
Damiani, mchimba visima